Mipira Kumi ya Mwisho

Mtu akiniuliza nafanya kazi gani, humwambia nauza duka, basi. Nikisema ukweli wote, kwamba ni duka la fimbo za gofu, kwanza atacheka, kisha atalitazama baibui langu juu mpaka chini na kuniuliza kama na mimi nacheza. Sichezi. Sijawahi kuupiga mpira ule ukaenda nilikotaka. Lakini fimbo nazijua, na jambo ninalotaka kulieleza hapa lilitokea katika kazi niliyoijua. Ningekuwa mjinga wa fimbo ningekuwa na udhuru, na mimi hata huo sina.

Uwanja wetu umo ndani ya hoteli moja kaskazini mwa Unguja, na kutoka mjini ni mwendo wa zaidi ya saa nzima kwa gari la wafanyakazi. Wakati huo nilikuwa nikiishi Mji Mkongwe kwa bibi yangu mzaa baba. Baba mwenyewe yuko Maskati miaka mingi, hupiga simu Ijumaa. Aliyekuja shule nilipotakiwa nilete mzazi, na aliyekesha nami hospitali nilipovunjika mkono, ni mdogo wake, ami yangu, anayekaa Mpendae na mkewe. Na ndiye aliyeniombea kazi. Yeye alikuwa kedi tangu uwanja ule unapandwa nyasi. Kedi huwabebea wageni mikoba ya fimbo, huwaambia upepo unatokea wapi, huwatafutia mipira vichakani. Siku aliyokwenda kwa meneja kunisemea alivaa kanzu na kofia, siku ya kazi, mpaka wenzake wakamwuliza anakwenda kumposa nani. Akasema anaye mtoto wa kaka yake anayejua hesabu na Kiingereza na hachoki kusimama. Nikapewa miezi mitatu ya majaribio.

Ami alikuwa ameshavuka miaka hamsini na magoti yalianza kumgomea. Mkoba uliojaa fimbo si mzigo wa mchezo, na wapo wageni wanaopenda kutembea uwanja mzima huku mtu akiwafuata na mkoba begani. Jioni, akishuka garini, alishika kiti kwa mikono miwili na kutoa mguu mmoja kwanza, akaupa muda, kisha wa pili. Lakini mpe fimbo. Hakufundishwa na mtu. Alijifunza kwa kuwatazama wageni migongo yao, miaka na miaka, na wakishaondoka akipiga mipira iliyochakaa. Alikuwa hapigi kwa pupa wala kwa nguvu. Alipiga kama mtu anayefunga mlango wa chumba alicholala mtoto, na mpira ukaenda.

Meneja wetu, mtu wa bara, mpole na mwenye haraka, alikuwa ameliona hilo. Mwaka ule alitafuta mwalimu msaidizi wa kuwafundisha wageni wanaoanza, na aliniambia mimi kabla ya kumwambia ami kwamba anamfikiria yeye. Mwalimu msaidizi habebi mkoba wa mtu. Hicho tu ndicho ami alichokitaka mwaka ule. Hakuwa mtu wa kuomba, hata kwa Mungu aliomba kwa sauti ndogo, lakini siku moja garini, anatazama nje, aliniambia, "Nkiipata hii, mwanangu, magoti yangu yatapumua."

Ndipo ikaja ile fimbo. Ni aina wanayoiita haibridi. Si ya chuma moja kwa moja, wala si ile yenye kichwa kikubwa, iko baina ya hizo, na makedi waliibatiza chotara siku hiyo hiyo. Wakala aliileta tuijaribu siku tatu, na ikitupendeza hoteli iagize kadhaa za kukodisha. Ajabu yake ilikuwa shingoni. Chini ya kichwa kuna skrubu. Ukiilegeza kwa ufunguo wake maalumu, kichwa kinatoka, unaizungusha shingo mpaka alama unayoitaka, unakirudisha kichwa na kukaza. Kwenye alama moja mpira huenda wastani. Kwenye ya pili uso wa fimbo hulala zaidi, mpira ukapaa na kuanguka karibu. Kwenye ya tatu uso husimama, na mpira huenda chini chini na mbali. Fimbo moja ina tabia tatu. Sharti lake ni kwamba ukaze mpaka ufunguo ulie tak. Usipolia, kichwa hakijakaa. Meneja alinisisitizia hilo mara mbili, na mara ya pili alinionyesha kwa mkono wake.

Kazi yangu katika jaribio ilikuwa kubadilisha alama na kuandika. Kupiga akapewa ami. Mipira kumi kwa kila alama, na kisanduku cha rada nyuma yake kikipima umbali. Meneja aliniambia pembeni kwamba anaijaribu fimbo lakini anamjaribu na mpigaji, na kwamba atakuja mwenyewe kuangalia. Sikulala na siri hiyo. Nilimpenyezea ami kabla gari halijatoka nje ya lango.

Tulikuwa katika Ramadhani, kumi la pili. Meneja angependa tungoje mpaka baada ya Idi, lakini fimbo ilikuwa inarudi kwa wakala kesho yake. Ami akasema saumu si ugonjwa. Akachagua baada ya alasiri, ameshaswali na jua limeshalegea.

Yeye alikuwa amefunga. Mimi nilikuwa katika siku zangu, sikufunga. Hapa lazima nieleze kidogo, maana asiyekulia kwetu ataona ni jambo la kipuuzi. Hakuna anayemkataza mwanamke kula akiwa katika hali hiyo. Dini yenyewe ndiyo iliyomwambia asifunge. Lakini kwetu mwanamke huyo hali kitu mbele ya watu, na zaidi mbele ya wanaume wa nyumbani kwao. Kwa bibi niliamka daku pamoja na wote na nilikaa kwenye futari pamoja na wote, na mchana wa siku za mapumziko nilikuta sahani imefunikwa kawa nyuma ya mlango wa jiko, bila ya mtu kusema neno. Wanajua, na unajua kuwa wanajua, na hakuna anayetia mdomo. Ndiyo stara. Ami yangu asingeniuliza kitu hata angeniona na bilauri mkononi, ila mimi ningekufa kwa haya, na yeye nusu yangu. Halafu kuna makedi wenzake. Mtu anayekula kwa kujificha mchana wa Ramadhani humwita kobe, na jina hilo hukaa naye mpaka Idi na baada ya Idi.

Kwa hiyo nilikuwa nimeweka chupa ya maji na vileja viwili stoo, nyuma ya duka, juu ya rafu ya mataulo.

Mipira kumi ya kwanza ilikuwa raha kuitazama. Ami alipiga, akarudi hatua moja, akapiga tena, na rada ikanipa karibu nambari ile ile kila mara. Nikabadilisha alama, nikakaza, tak. Kumi ya pili ikapaa juu kama ilivyopasa na kuanguka mahali pamoja, ungeweza kuitandikia mkeka mmoja ikatosha yote. Makedi wawili watatu walikuja kusimama, na mmoja akasema kuanzia leo atamwita mwalimu. Ami akapanga mpira uliofuata. Midomo ilikuwa imemkauka, na baina ya mpira na mpira aliiegemea fimbo kidogo. Nilimwuliza kama angependa kupumzika. Akasema tumalize.

Hapo meneja akanipigia simu. Yuko njiani, tusianze kumi ya mwisho bila ya yeye. Mimi nilikuwa nimeshailegeza skrubu, nimeshaigeuza shingo, nimekirudisha kichwa na nimeanza kukaza. Tumbo lilikuwa likinisokota tangu adhuhuri na kiu ilikuwa imenipanda kichwani. Nikaona hapa ndipo pa kupenya. Nikaiegemeza fimbo kwenye benchi, nikamwambia ami nakwenda kuchukua kitambaa cha kufutia, nikaenda stoo upesi upesi. Nilikunywa nusu chupa nimesimama. Nikala kileja kimoja, nikameza kidonge cha maumivu, nikafuta mdomo kwa ncha ya mtandio na kujitazama kwenye kioo cha simu. Nilirudi na kitambaa mkononi, ili nisiwe mwongo. Meneja alikuwa ameshafika na ami ameshaishika fimbo.

Mpira wa kwanza ulikwenda kushoto, si sana. Wa pili ulikwenda kushoto zaidi, nao ulitoka na sauti mbovu, sauti ya kijiko kwenye kikombe kilichoingia ufa. Papo hapo nikajua. Sikuwa nimeusikia ufunguo ukilia. Nikatia mkono mfukoni, ufunguo haumo. Nikakumbuka nilipouweka: stoo, juu ya mataulo, baina ya chupa iliyobaki nusu na kileja kilichobaki kimoja.

Nilikuwa na maneno matatu ya kusema: ngojeni, sijakaza vizuri. Lakini akili ya mwoga hutangulia mbele yake. Niliona meneja akiniuliza ufunguo uko wapi. Niliona ami, kwa ukarimu wake, akisema kaa, nakwenda mimi. Niliona mmoja wa makedi akitangulia na kurudi na chupa yangu juu juu. Na niliona karatasi yangu ya majaribio, kwa sababu nilikuwa nimeonyeshwa mara mbili, na mara ya pili kwa mkono. Ningeweza kwenda mwenyewe, hatua hamsini tu. Wala sitasema kwamba sikulifikiria. Nililifikiria, ila nililifikiria baada ya mpira wa nne, na ukisema baada ya mpira wa nne utaulizwa mbona ulinyamaza kwenye wa pili. Nikasimama na kalamu yangu nikaandika nambari.

Ami alisogea kidogo, akasimama baina yangu na meneja, na akapiga yote kumi. Hakuitazama fimbo hata mara moja. Nilidhani ni njaa imemchanganya. Mmoja uliishia mchangani, miwili ilipotea vichakani, na wa mwisho ulibingirika hatua chache mbele yake na kusimama, mpira wa mgeni aliyeanza jana. Wale makedi waliondoka mmoja mmoja, kwa adabu, na yule aliyesema atamwita mwalimu alikuwa wa kwanza. Meneja akasema pole mzee, jua kali. Ami akasema jua limeshapoa. Akanikabidhi fimbo na kwenda zake kutawadha, ingawa Magharibi ilikuwa bado.

Nilikwenda nayo stoo nikaikaza. Ilibaki robo ya mzunguko tu, ikalia tak. Machozi yakanitoka. Kisha nikala kile kileja kilichobaki, na mpaka leo sijui kati ya mambo hayo mawili lipi linanitia haya zaidi.

Kabla ya gari kuondoka, meneja akaitaka ripoti. Akasema niandike nilichokiona. Alama ya kwanza na ya pili niliziandika haraka na kwa furaha, nambari zenyewe zilikuwa zikijisifu. Nilipofika ya tatu nikakaa na kalamu. Nikiandika kuwa fimbo imetawanya mipira, wakala atauliza nani aliyeikaza. Nikiacha wazi, meneja atauliza kwa nini. Nikaandika: "Fimbo haina kasoro. Mpigaji alionekana kuchoka." Nikaandika kwa ule mwandiko mzuri niliokuwa nikisifiwa shule, nikaweka nukta, nikapeleka.

Majuto ni mjukuu, husemwa, huja baadaye. Yangu hayakungoja. Tulifuturu njiani, ndani ya gari, kwa tende na maji, na ami akanipa mimi kwanza, kama kawaida yake. Akaniambia bismillahi, leo umesimama sana. Nikaipokea tende, nikapiga bismillahi, nikajifanya na mimi nafungua.

Siku zilizofuata nilijiahidi kila asubuhi kwamba leo nitakwenda kwa meneja. Nilijua maneno yote. Lakini kila nikifika mlangoni kwake nilikuta sababu: ana mgeni, yuko kwenye simu, anaonekana hana raha. Siku moja nilikuta hana mgeni wala simu na raha anayo, nikamwuliza kama karatasi za risiti zimefika. Katika kumi la mwisho nafasi ikapewa mtu mwingine, aliyekuja na vyeti. Meneja alimwita ami na kumwarifu kwa heshima. Ami akaniambia garini kwa maneno machache kuwa haikuwa riziki yake. Mimi nilimaliza miezi yangu mitatu nikaajiriwa, na bibi akanipikia tambi za sukari siku hiyo. Nilizila. Kila nilichokuwa nikipewa siku zile nilikila.

Idi pili nilikwenda Mpendae kupeleka sahani ya bibi. Kwetu, Idi ni siku za kutakana radhi. Watu hupita nyumba kwa nyumba na kuambiana nisamehe na mimi nimekusamehe, hata wasiokoseana. Niliona nisipolisema leo sitalisema tena. Mke wa ami alikuwa ndani na wageni wake. Ami alikuwa peke yake ukumbini, ameketi kwenye mkeka, miguu kaitoa mbele, suruali kaikunja juu ya magoti, anajisugua mafuta ya karafuu. Asubuhi ya Idi mosi alikuwa kazini, wageni wengi. Nikamwambia shikamoo, akasema marahaba, akanisogezea mto nikae.

Nililisema lote kwa mkupuo, huku natazama nakshi za mkeka. Nilimwambia kuwa fimbo ilikuwa haikukazwa, kwamba ni mimi niliyeiacha hivyo, kwamba niliondoka kwenda stoo kabla ya kumaliza, kwamba nilijua tangu mpira wa pili na nikanyamaza. Sikusema stoo nilikwenda kufanya nini. Nikamwambia anisamehe.

Ami aliendelea kusugua goti. "Nlisikia," akasema. "Miaka yote hii nabeba vyuma vya watu, nisijue kichwa kikicheza?"

Nilimwuliza kwa nini basi hakusema.

"Ningesema ungetakwa ufunguo. Na ufunguo ulikwenda nao stoo, hukurudi nao." Hakunitazama usoni. "Ulirudi na chembe ya kileja mtandioni, mwanangu. Ndo maana nkasimama mbele yako."

Nilitamani mkeka ule unikunje. Yeye alihamia goti la pili, akamimina mafuta, akayapasha moto viganjani. Nilimwambia kwamba ofisi ya hoteli ikifunguliwa, kesho yake tu, nitakwenda kwa meneja nimweleze. Nilisema nitamwambia kila kitu, hata la stoo. Nadhani kwa dakika hiyo moja nilikuwa nimekusudia kweli.

"Usende," akasema. "Ukisema sasa, mimi ntakuwa nimenyamaza bure. Na wewe kazi ndo kwanza umeipata."

Nikapumua. Ningependa kuandika kwamba nilibisha, kwamba nilimbembeleza aniache nikaseme. Sikubisha hata kidogo. Nilimwambia ahsante ami, nikaona kifua kinafunguka, nikaanza hata kusikia harufu ya biriani kutoka ndani. Mkewe aliita kwamba chakula kinakaribia, na ami akaanza kuteremsha suruali, goti moja kisha la pili.

"Jambo moja tu limenikaa," akasema. "Meneja kaniambia karatasi imeandikwa kuwa nlichoka. Mimi sikuchoka. Wallahi ningepiga kumi nyengine, na kumi nyengine. Karatasi najua ulikuwa ukiandika wewe, lakini hilo la kuchoka kalitia yeye, sivyo?"

Aliniuliza huku ananitazama, sasa hivi ananitazama sawasawa, na usoni mwake hapakuwa na shaka yoyote. Alitaka tu kusikia kutoka kwangu.

"Ndiyo, ami," nikasema. "Kalitia yeye."

Akatikisa kichwa. Akakifunga kichupa cha mafuta na kukiweka pembeni. Akasema si kitu, mtu hajui wakati mwingine anamvunja mwenzake wapi, na siku hizi ni za kusameheana. Kisha akainua mikono, akamtaja meneja kwa jina lake, akamwombea dua taratibu kwamba yeye amemsamehe na Mungu naye amsamehe. Alipomaliza aliiacha mikono juu, akiningoja.

Nikaitikia amina.